Mguu wa Sifaeli

Siku ile, pembeni ya kitanda cha dirishani katika wodi ya watoto, tulikuwepo hawa: Daktari Salehe, mtu wa Pangani, daktari msaidizi ambaye ndiye pekee aliyekuwa akipasua, Sista Monika, mkuu wa wodi, baba mdogo Eliyona, mdogo wake marehemu baba yangu, aliyeteremka kutoka Chome na blanketi begani la kumbebea mgonjwa, Baba Zawadi, Muha wa Kasulu, mkata mkonge, aliyekaa kitanda cha jirani akimmenyea binti yake chungwa, Zawadi mwenyewe, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, mdogo wangu wa mwisho, Sifaeli, ambaye mguu wake ndio uliotukusanya, na mimi, Nakijwa, dada mkubwa. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alifanya jambo siku ile, na kwa sababu wengine sijawaona tena.

Ninyi mnaoanza kazi katika wodi za watoto mnanijua kama bibi anayekuja kliniki ya presha na kuwakosoa namna mnavyofunga bendeji. Mniwie radhi, mikono imezoea. Kazi hii sikuisomea. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba, nikabaki na wadogo watatu na shamba la mteremkoni. Hospitali niliingia kama mtu wa kuuguza mgonjwa, nikatoka mstaafu. Katikati hapo nilikuwa mhudumu wa wodi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliwahudumia watoto wenye usaha kwenye mifupa na kwenye viungo. Nilichojua nilifundishwa na hao wawili niliowataja kwanza, ndiyo maana wamekaa mbele.

Ugonjwa wenyewe Sista Monika alinieleza hivi, tukiwa tunafua bendeji. Jipu la ngozi linavimba kwa nje, linaiva, linapasuka, mtoto analia siku moja na yameisha. Jipu la mfupa limefungiwa. Wadudu wameingia kwenye damu kupitia kidonda kidogo ambacho hakuna anayekikumbuka, wakaenda kukaa karibu na goti au bega, pale mtoto anapokulia. Usaha unajaa ndani ya kitu kigumu, hauna mlango. Unaubana mfupa mpaka unaunyima damu, na mfupa ulionyimwa damu unakufa ungali ndani ya mtoto aliye hai. Usaha wa kwenye kiungo ni wa haraka zaidi, kwa sababu unakula ile nyama laini inayofanya mifupa miwili isisagane. Ikishaliwa, hairudi.

Sasa, huku kwetu kosa linaanzia kwenye ardhi yenyewe, maana imeinama. Mtoto wa Upareni anaanguka akienda kisimani, anaanguka akirudi, anaanguka akicheza. Kwa hiyo mguu ukiuma, kuanguka kunapatikana tu. Kijana mmoja wa mafunzo aliandika kwa watoto wote wa wodi kwamba ugonjwa ulianza baada ya kuanguka. Sista Monika akamwambia, "Mwanangu, ukimwuliza mama wa Upareni kama mtoto ameanguka, umepoteza muda wako. Mwulize ni siku gani hakuanguka."

Sifaeli naye alikuwa ameanguka, bila shaka. Alikuwa na miaka saba. Alianza kusema mguu unauma chini ya goti, kesho yake akawa na homa, keshokutwa akakataa kuukanyagia. Mama mmoja jirani, mwenye huruma nyingi kuliko wengine wote, akatwanga tangawizi, akaipasha moto, akamfunga nayo mguu mzima kwa majani ya mgomba. Tangawizi kwetu ni dawa ya kila kitu. Ukikohoa tangawizi, ukiteguka tangawizi, tumbo likijaa gesi tangawizi. Majirani wakambeba kwa zamu kwenye machela mpaka barabara kuu, na lori lililotoka Hedaru likatufikisha Same.

Daktari Salehe alipofungua yale majani, mguu ulikuwa mwekundu na wa moto kama chapati. Akanusa.

"Dada, huu ni moto wa ugonjwa au ni wa chai?"

Nikadhani ananidhihaki. Kumbe alikuwa anauliza kweli, kwa sababu tangawizi inachoma ngozi na kuipa joto lake yenyewe, na pale huwezi kujua lipi ni lipi. Alikuwa ameshawahi kuhangaika na mguu ambao ulikuwa na tangawizi tu, na mwingine uliodhaniwa ni tangawizi tu kumbe ndani umeoza. Sista Monika akauosha mguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo aliyokuwa akiitunza mfukoni, akasema tusubiri mpaka uji wa wodi ugawiwe. Uji ulipokwisha akarudi, akaniita.

"Geuza mkono wako, tumia mgongo wa kiganja. Gusa kwanza mguu mzima, ule usiouma. Sasa huu. Shuka polepole."

Wekundu ulikuwa umepungua. Lakini pale chini ya goti, sehemu ya upana wa vidole vitatu, joto lilikuwa bado lipo. Linatoka ndani. Mpaka leo sijapata neno la kulieleza joto lile, ila nikilikuta nalijua.

Kisha akanifundisha kidole kimoja. Mtoto mwenye maumivu usimkamate kwa kiganja, atalia popote utakapomshika. Anza na mguu usiouma, mwache ajue mkono wako hauna ubaya. Halafu kwenye mguu mbovu anzia mbali, gusa kwa ncha ya kidole kimoja, ukiongea naye mambo mengine, macho yako yakiwa usoni kwake badala ya mguuni. Sifaeli alikuwa anamsimulia Sista habari za mbuzi wetu aliyekula daftari la shule. Kidole kilipofika pale penye joto, mbuzi akakatika katikati ya sentensi.

"Hapa," Sista akamwambia daktari.

Akamkunja goti taratibu, kidogo kidogo, na goti likakubali. Hilo nalo lishikeni. Kiungo chenye usaha hakikubali hata upana wa ukucha. Mtoto atakupiga teke kwa mguu mwingine. Mfupa wenye usaha unakuachia kiungo kicheze ukiwa mpole. Yapo makosa hapo, maana usaha wa mfupa unaweza kuvuja ukaingia kwenye kiungo, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nikitoka kidogo kwenye habari ya Sifaeli, niwape ya mtoto wa Bombo, kwa sababu wengi wenu mtakutana naye kwa jina jingine. Aliletwa anachechemea, na mama yake amekasirika ajabu. Mtoto alikuwa na homa, akachomwa sindano ya malaria kalioni, tangu hapo hakanyagi. Mama alitaka aliyemchoma sindano aitwe. Miaka ile karibu kila mtoto aliyechechemea alikuwa "ameharibiwa na sindano", na wapo walioharibiwa kweli. Miaka hiyo Sista Monika alikuwa ameshahamishwa, nikawa mimi ndiye ninayemshika mtoto. Daktari Salehe hakubishana na mama. Alimwuliza, "Mama, siku homa ilipoanza, kabla ya sindano, alikuwa anacheza?"

"Achezeje na homa? Alikuwa amelala tu."

"Ukimsimamisha?"

Mama akafikiri. "Alikuwa hataki. Anajikunja, goti nje, kama chura."

"Kwa hiyo sindano ilimkuta hasimami."

Daktari akachukua sindano yake mwenyewe, nene, akaiingiza kwenye nyonga, akavuta. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya maziwa mabichi. Mtoto alipasuliwa siku ileile, kabla ya chakula cha mchana, maana kiungo hakingoji kesho. Yule mama alipotulia alisema, "Basi huyo wa sindano nimemtukana bure njia nzima." Daktari akamwambia atakapopita pale zahanati amsalimie.

Na watoto wachanga je? Hao hawachechemei wala hawaonyeshi kwa kidole. Homa yenyewe mara nyingine hawana. Mama atakuambia, "Huyu mkono mmoja ni mvivu." Mtoto mchanga hana mkono mvivu. Mlaze chali, mwache bila nguo, usimguse, tazama tu. Mkono au mguu usiocheza pamoja na mwenzake una habari. Na analia ukimbadilisha nepi, ananyamaza ukimwacha, wakati watoto wengine wote hufanya kinyume.

Tumrudie Sifaeli. Alipigwa picha, picha ikaonyesha mfupa mzima, safi kabisa. Nilifurahi. Daktari Salehe hakufurahi wala hakushangaa. Alisema mfupa huchelewa kuonyesha ubaya kwenye picha, wiki mbili hata zaidi, na wakati huo picha inakuwa inakuonyesha hasara, si ugonjwa. Akasema atampasua kesho yake asubuhi. Ndipo habari ikapanda mlima usiku ule, na asubuhi baba mdogo Eliyona akashuka.

Aliingia wodini hata kofia hajavua.

"Nakijwa, mfunge huyu mtoto tuondoke. Lori la mbao linarudi sasa hivi."

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nimesema mfunge."

"Baba, karibu kiti," Sista Monika akasema. "Mtoto ana homa kali, haendi popote."

"Homa kaipata huku kwenu chini. Sisi juu hatuna mbu. Mguu umetenguka, na wa kutenguka tunaye fundi wetu, ananyoosha watu tangu sijaoa."

"Alikuja na homa yake, baba mdogo," nikasema.

Alimgeukia daktari. "Nasikia unataka kumpasua. Mimi nimewaona waliopasuliwa. Jirani yangu ana kijana, mguu ulifunguliwa, mpaka leo ana ndevu na unatoa maji. Nzi wanamfuata kanisani. Mguu ukishafunguliwa haufungi."

"Huyo kijana, mguu ulifunguliwa na nani?" Daktari Salehe akauliza.

"Ulipasuka wenyewe. Hospitali wakaja kumalizia."

"Ulipasuka baada ya muda gani tangu uanze kuuma?"

"Tulikuwa tunapanda mahindi ulipoanza. Ulipasuka tumeshavuna."

"Basi, mzee wangu, kisu hakina kosa. Mfupa ulikuwa umeshakufa ndani. Mwili unasukuma kile kipande kama unavyosukuma mwiba, na mpaka kitoke, kidonda hakifungi. Mimi nataka nifike kabla haujafa. Leo ningali na nafasi. Ukimchukua ukamrudisha baada ya mavuno, nitakuwa kama hao waliokuja kumalizia."

Baba mdogo hakuwa mjinga, naomba msimwone hivyo. Alikuwa amemwona kijana wa jirani yake kwa macho, na hakuna aliyewahi kumweleza. Alifikiri, kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuliuliza.

"Mmempiga picha. Picha inasemaje?"

"Inasema mfupa ni mzima."

"Kwa hiyo unataka kumkata mtoto kwa kitu ambacho mashine haijakiona."

"Ndiyo."

"Ninyi watu wa pwani ni wajasiri kwa miguu ya wenzenu."

Baba Zawadi akaacha kumenya chungwa. Daktari Salehe akacheka kidogo, lakini nilimwona anatazama saa. Kila dakika ya maneno ilikuwa ya Sifaeli, na Sifaeli alikuwa amegeukia ukutani, anahema haraka haraka.

"Mimi ndiye baba yake sasa," akasema baba mdogo. "Bila neno langu hakuna kisu."

Na kweli siku zile haikuwa rahisi kumpasua mtoto ambaye mkubwa wa ukoo amekataa. Wote wakanitazama. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, sikuwa na kiti cha kusemea mbele ya mdogo wa baba yangu. Lakini nilikuwa nimekumbuka jambo.

"Baba mdogo, siku tulipomaliza matanga ya mama, nani alikaa katikati akagawa?"

"Nini na nini?"

"Ng'ombe alikwenda kwako. Shamba la juu likaenda kwa baba mkubwa. Watoto ulisema ni wa nani?"

Akavua kofia. "Nilisema wewe ni mkubwa, utawaangalia."

"Ulisema, 'Kuanzia leo mama yenu ni Nakijwa. Msije kwangu kwa jambo la uji wala la shule.' Watu wote wa kitongoji walisikia, na mchungaji alikuwepo. Sikukupinga. Nimewalea. Sasa mama yake anasema apasuliwe."

Kwetu neno la kumaliza matanga halirudiwi. Limesemwa mbele ya watu waliokula na kunywa kwa ajili ya kulisikia. Ukilibadilisha, umewaita wote waongo. Baba mdogo alilijua hilo kuliko mimi. Alisimama akizungusha kofia vidoleni.

"Ninyi Wapare," Daktari Salehe akasema, "hata mgonjwa akiwa kitandani lazima kesi isikilizwe kwanza."

Baba mdogo akaanza kucheka, polepole, bila furaha kubwa. "Na hii nimeshindwa na shahidi wangu mwenyewe." Akachukua blanketi la kubebea akamfunika nalo Sifaeli. Kisha akanivuta pembeni akasema kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kwamba mambo yakiharibika litakuwa juu yangu peke yangu, naye hatanisaidia kulibeba. Nikamwambia najua. Nikaweka sahihi yangu, herufi za darasa la sita.

Walimpeleka palepale. Sista Monika alinisimulia baadaye. Walifungua ngozi juu ya muundi, usaha ukawa haupo. Nyama safi. Msaidizi mmoja akakohoa. Daktari Salehe akaomba keekee ya mkono iliyochemshwa, akatoboa mfupa tundu dogo. Usaha ukaruka mpaka kwenye aproni yake. Akatoboa matundu mengine machache, akaosha kwa maji ya chumvi, akaacha kidonda wazi kwa chachi ili kisijifunge juu kabla ya chini. Sifaeli alirudi amelala, na kabla ya jioni homa ikaanza kushuka. Baba mdogo alikuwa ameshaondoka na lori la mbao. Blanketi aliliacha.

Nilidhani tumemaliza. Wengi hudhani hivyo, na hapo ndipo pa kuwaonya. Kupasua ni kufungua mlango. Kinachowafukuza wadudu ni dawa, na dawa ya mfupa ni ndefu. Enzi zetu ilikuwa wiki kwa wiki za sindano, mpaka mtoto akimwona nesi wa zamu analala kifudifudi mwenyewe. Siku hizi mnachoma siku chache, mkiona homa imeshuka na vipimo vya damu vinakwenda vizuri mnampa ya kunywa, anaendelea nyumbani. Nilipoanza kuyaona hayo nilinuna mwezi mzima. Nikahesabu moyoni watoto watakaorudi wameharibika. Hawakurudi. Basi nikanyamaza.

Kilichobadilika kingine ni maduka. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, kila aliyekuwa na kibanda akafungua duka la dawa, mpaka kule Hedaru pembeni ya stendi. Miaka ya shida mama alikuja na mtoto asiyeona kidonge tangu augue. Miaka ya ruksa alikuja na mtoto aliyekula "zile za rangi mbili", mbili leo, mbili Jumamosi baba akipata kibarua. Dawa chache hivyo haziui wadudu, zinawanyamazisha tu. Homa inashuka, mguu unapoa kiasi, wote wanafurahi, na mfupa unaendelea kuoza kimya kimya. Kwa hiyo mkimpokea mtoto, msiulize kama amekula dawa. Ulizeni ngapi, na kwa siku ngapi, na aliacha kwa nini.

Hao waliochelewa ndio waliokaa nasi hata mwaka. Hapo mnangoja mfupa mpya ujijenge kuzunguka uliokufa, ndipo daktari atoe kipande. Akikitoa mapema mguu hauna cha kusimamia. Kijana mmoja wa huko Maore alitolewa chake, kirefu kama kalamu, akakiomba. Akakiweka kwenye boksi la kiberiti kikiwa kinachungulia nje, akawa anawatoza wagonjwa wenzake pipi moja kukitazama. Sista akamnyang'anya kwa sababu ya meno yake, si kwa sababu ya mfupa.

Lakini nilikuwa kwenye dawa ya Sifaeli. Wadudu wa mfupa wengi walikuwa wameshaizoea penisilini, ambayo ndiyo iliyokuwepo kwa wingi. Iliyotakiwa ilikuwa ile ya unga ya sindano, kwenye vichupa, na stoo ilikuwa na ya kumfikisha kesho tu. Miaka ile ulipanga foleni ya sabuni bila kujua kama mbele kuna sabuni. Daktari Salehe alikuwa ameshaandika Moshi, ameshaandika Tanga. Alinieleza bila kunificha. Akikosa dawa hii sasa, tundu alilotoboa litakuwa limetusaidia nusu, na nusu ya mfupa haikanyagiwi.

Nilikaa chini ukutani, kati ya vitanda viwili. Sikulia, nilikuwa napiga hesabu ya mtu gani nimwendee.

Zawadi alikuwa na ugonjwa huohuo, wake ulikuwa juu ya mkono, chini kidogo ya bega. Alikuwa amepona kiasi kwamba asubuhi ile daktari alikuwa amemtoa kwenye sindano akampa vidonge. Vichupa vyake Baba Zawadi alivipata kwa shemeji yake, utingo wa lori lililokuwa likifika mpaka upande wa Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na vilivyobaki alivifunga kwenye kipande cha kanga chini ya mto wa binti yake. Wodi nzima ilijua. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshakuja kumwambia atampa sukari na mafuta ya kupikia kwa vyote. Sukari na mafuta wakati huo vilikuwa vitu vya kumfanya mtu aheshimiwe.

"Dada Nakijwa," akasema, "mdogo wako anachomwa ipi?"

"Hiyohiyo ya Zawadi."

Akafungua kanga, akaviangalia vichupa, akamwangalia Zawadi, akafunga. Akanipa fundo lote.

"Baba Zawadi, sina cha kukulipa."

"Kwani nimekuuzia?"

"Sasa nichukueje?"

"Ninakuazima. Sikiliza. Daktari kaniambia mfupa huu unaweza kunyamaza miaka, halafu ukaamka, hata mtoto akiwa mtu mzima. Mkono wa Zawadi ukiamka mimi nitakuwa wapi? Leo niko hapa, kesho shamba likifungwa tutapelekwa kwingine. Hapa sina ndugu, shemeji yumo barabarani siku zote, sina hata wa kuniazima chumvi. Huyo wa sukari nikimuuzia, tumemalizana. Nikikuazima wewe, nina mtu Same."

"Nitavirudisha lini?"

"Siku Zawadi atakapokuja mkono umevimba. Umpe vya namna hii, au vitakavyokuwepo wakati huo."

Sista Monika alikuwa amesimama mlangoni na trei. Alikuja akavipokea vile vichupa mkononi mwangu, akatazama tarehe zake kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akaenda kuchanganya dozi ya kwanza.

Sifaeli alipona. Ana kovu refu kwenye muundi, na baridi ikishuka Chome anasema linamwambia kabla ya redio. Ni fundi seremala, ana watoto, na wao wanaanguka kama kawaida. Mimi nilibaki wodini kumuuguza, nikawa nafua bendeji na kuanika glovu kwenye kamba, na nafasi ya mhudumu ilipotokea Sista Monika akasema jina langu. Baba mdogo hakuwahi kusema lolote kuhusu siku ile, ila kila alipoteremka Same aliniletea kande mbichi ndani ya mfuko, mahindi na maharage vimeshachanganywa tayari.

Baba Zawadi alirudi mara moja na binti yake kuonyesha mkono. Ulikuwa unainuka mpaka sikioni. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, kambi ikapunguza watu, na watu wa mbali ndio wa kwanza kupakiwa. Wengine walisema wamekwenda mashamba ya Tanga, wengine wakasema wamerudi Kasulu. Nimewauliza makondakta wa mabasi na wanawake wa Kigoma wanaouza mawese, na kila Muha aliyelazwa kwetu nimemwuliza, mpaka wahudumu wenzangu wakawa wananicheka.

Wapo wanaoniambia kwamba deni lile nililipa zamani, kwa watoto wote wale niliowageuza vitandani na kuwaosha vidonda. Sikubaliani nao. Kwa wale nililipwa mshahara. Niliazima kwa mtu mwenye jina, kwa ajili ya mtoto mwenye jina. Na dawa ile siku hizi ipo kila mji, ningeweza kuinunua leo kabla ya magazeti kufika. Ninayekosa ni wa kumpa.

Zawadi sasa atakuwa mtu mzima. Kovu lake liko mkono wa kushoto, upande wa nje, vidole vitatu chini ya bega, limeingia ndani kama kitovu. Akija kwenu popote mtakapopangiwa kazi, akisema mkono umeanza kuuma wenyewe bila kuanguka, msimwambie ni uchovu wa jembe. Gusani kwa mgongo wa kiganja, mkono mzima kwanza. Mwanzisheni dawa siku hiyohiyo, halafu mniite. Mwambieni yule mtu wao wa Same yupo, na vichupa bado anadaiwa.